Dharura Ikigonga Hodi, Akili Inakwenda Wapi?

Karai la chipsi likishika moto, kosa ni lile lile kila mahali. Mkaangaji anaona moto umepanda juu ya mafuta, anageuka, macho yanatua kwenye ndoo ya maji ya kuoshea viazi, anainyanyua, anamwaga. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama hadi chini ya karai na kukutana na joto la zaidi ya nyuzi 300. Yanageuka mvuke papo hapo. Maji yakishakuwa mvuke hutaka nafasi kubwa kwa zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo unapotafuta pa kutokea unayarusha mafuta yanayowaka juu, pembeni na usoni. Moto uliokuwa wa karai unakuwa wa kibanda kizima.

Dawa yake ilikuwa kifuniko. Zima jiko kama unalifikia, funika karai, sogea mbali, na usilifunue mpaka lipoe kabisa, kwa sababu moto ukikosa hewa unakufa. Mkaangaji mzoefu pale Majengo au Sabasaba, hapa Dodoma, ukimwuliza asubuhi anapomenya viazi, atakujibu hivyo hivyo bila kusita. Lakini moto haumkuti asubuhi akimenya viazi. Unamkuta saa mbili usiku, wateja wamejaa, bodaboda anapiga honi akitaka oda yake, na mtoto analia pembeni. Alichokijua asubuhi hakimjii usiku, na kukosekana kwake kwa sekunde tano tu kunatosha kumuunguza.

Swali ninalotaka kulifungua hapa ni hilo: kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua la kufanya, hulisahau pale pale linapohitajika? Na kwa nini mwingine, ambaye hana elimu kubwa wala moyo wa chuma, hufanya jambo sahihi? Tumezoea kusema huyu ana roho ngumu, yule ni mwoga, Mungu kamuumba hivyo. Siamini kwamba jibu liko kwenye kuumbwa. Ninavyoliona, mtu anayeonekana mtulivu kwenye hatari mara nyingi anaogopa sawasawa na wengine, ila hatua yake ya kwanza alishaiamua siku nyingi kabla hatari haijafika. Haimlazimu kuitafuta.

Kwanza mwili

Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kinachotokea ndani ya mwili mnyama akitishiwa: mwili hujiandaa ama kupigana ama kukimbia. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga kemikali iitwayo adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio. Ini linaachia sukari ili misuli ipate nguvu. Damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega na kupungua tumboni na kwenye ngozi. Ndiyo maana mdomo unakauka, tumbo linavuruga na viganja vinakuwa vya baridi hata kwenye jua la Oktoba.

Kwa mchungaji aliyekutana na fisi porini Manyoni, maandalizi hayo ni neema tupu. Taabu ni kwamba dharura zetu nyingi za leo hazitaki mapaja, zinataka vidole na fikra. Kufunga valvu ya mtungi wa gesi. Kufungua simu yenye namba ya siri. Kumtoa mtoto kwenye mkanda wa gari. Kazi hizo ndogo ndizo zinazoharibika kwanza, vidole vinatetemeka na ufunguo hauingii kwenye tundu lake.

Macho nayo yanabadilika. Yanang'ang'ania kitu kimoja, kwa kawaida kile cha kutisha, na kuacha vya pembeni. Yule mkaangaji aliona moto na ndoo. Kifuniko kilichoegemea ukuta, hatua moja kutoka aliposimama, hakukiona. Masikio pia yanaweza kuchuja sauti kiasi kwamba mtu anaitwa jina lake mara tatu asisikie. Muda nao unapotea: dakika mbili huonekana kama kumi, na mtu anadhani amechelewa mno wakati bado ana nafasi.

Kichwani kuna jambo la ziada. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayoitwa amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kunusa hatari na kupiga king'ora haraka, hata kabla hujatambua vizuri unachokiona. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima, kulinganisha na kupanga, na yenyewe huenda polepole. Hofu ikizidi, kemikali zile zile zinazoamsha mwili hupunguza uwezo wa sehemu hiyo ya mbele. Katika hali ya kawaida mtu anaweza kushikilia mambo kama manne hivi akilini kwa wakati mmoja. Chini ya presha kubwa hata mawili ni mzigo. Kwa hiyo anayeshindwa kukumbuka namba ya simu ya mke wake huku nyumba inaungua si mjinga, na wala hajakosa upendo. Ubongo wake umebanwa na mwili wake mwenyewe.

Kinachoua zaidi ni kuchelewa

Mitaani tunalo neno moja kwa yote haya: amepaniki. Tunalitumia kwa anayepiga mayowe, kwa anayekimbia ovyo na kwa aliyesimama kimya ametoa macho. Hayo ni mambo tofauti na dawa zake ni tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakofanya ushauri wa "tulia, usipaniki" usimsaidie mtu yeyote.

Enrico Quarantelli, mwanasosholojia wa Marekani na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha utafiti wa majanga mwaka 1963, alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza watu walionusurika mafuriko, moto na matetemeko. Alichokuta kinapingana na picha tuliyonayo vichwani. Watu kukimbia hovyo wakikanyagana, kila mmoja akijali roho yake, ni jambo adimu. Wengi husaidiana, na waokoaji wa kwanza karibu kila mara ni majirani na wapita njia. Sisi wenyewe tuliliona hilo Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walifariki 19, na waliofika mwanzo kabisa kuwasaidia wale 24 walionusurika ni wavuvi na mitumbwi yao.

Linalotokea mara nyingi zaidi ni kuduwaa na kukawia. Akili inakataa kwamba jambo hili limetokea kweli, tena kwangu, tena leo. Mtu ananusa harufu ya gesi jikoni, anasema labda ni ya jirani, anaendelea kutazama taarifa ya habari. Anaona tairi la basi linafuka moshi, anasema dereva atakuwa anajua.

Wenzake wakiwepo ndiyo anazidi kukawia. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané, watafiti wa saikolojia huko New York, waliwaweka wanafunzi kwenye chumba wakijaza fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Kati ya waliokaa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa. Mwanafunzi alipowekwa pamoja na watu wawili waliopangwa kukaa kimya kama vile hakuna kitu, ni asilimia 10 tu waliotoka. Wengine walibaki wakipunga moshi kwa mkono, wakikohoa, wakiendelea kujaza fomu. Kila mmoja alimwangalia mwenzake, akamwona ametulia, akahitimisha kwamba hakuna hatari. Mwenzake naye alikuwa anamwangalia yeye.

Nikiufikiria utafiti huo nakumbuka Msamvu, Morogoro, kwenye njia yetu ya kila siku ya kwenda Dar es Salaam. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Yalisemwa mengi ya kuwalaumu marehemu. Mimi naona pia nguvu ile ile ya chumba cha moshi: ukikuta watu wamesimama karibu na kitu na hawajadhurika, macho yanakwambia pako salama. Umati unaweza kutoa ushahidi wa uongo bila mtu hata mmoja kukusudia kudanganya.

Mkubwa akikosea

Kuna presha nyingine ambayo haitoki kwenye moto wala maji. Inatoka kwa binadamu aliye juu yako.

Machi 27, 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani katikati ya ukungu mzito na kuua watu 583. Hakuna ajali ya ndege mbili kugongana iliyoua wengi zaidi ya hiyo. Ndege moja, ya Uholanzi, ilianza kukimbia ili iruke bila kuwa imeruhusiwa. Rubani mkuu wake alikuwa mwalimu wa marubani, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake. Safari ilikuwa imechelewa na saa za kisheria za kazi ya wahudumu wake zilikuwa zinakaribia kwisha. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo, na fundi hakuuliza tena.

Hebu ihamishie habari hiyo kwenye basi linalopanda kutoka Morogoro kuja Dodoma. Konda ni kijana. Dereva ni mtu mzima, ameendesha barabara hii tangu konda hajazaliwa. Konda ananusa harufu ya breki zinazoungua. Atasemaje? Malezi yetu yanamfundisha kunyamaza mbele ya mkubwa, na malezi hayo mimi siyadharau, yametutunza. Lakini lugha yetu inayo njia ya kusema bila kuvunja heshima, na ni vyema ikatumika kwa ngazi. Kwanza: "Mzee, naomba radhi, nina wasiwasi na harufu ya breki." Asipojibu: "Mzee, sina amani kabisa na hili, naomba tusimame tuangalie." Asipojibu tena: "Mzee, hii ni hatari, simama." Heshima iko kwenye neno mzee, na ujumbe haujalegea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege duniani yamekuwa yakiwafundisha wahudumu wadogo kusema, na jambo gumu zaidi, yamekuwa yakiwafundisha marubani wakuu kusikiliza. Dereva anayemjibu konda wake "ahsante kwa kuniambia", hata kama breki zilikuwa nzima, amejiwekea macho ya pili kwa safari zote zinazofuata.

Cha kushika pale pale

Sasa dharura imeshafika na moyo unapiga hadi masikioni. Kitu gani kinafanya kazi?

Pumzi, kwanza. Ushauri huu umerudiwa mno hadi watu wameuchoka, kwa hiyo nitaje sababu yake. Moyo wako hauko chini ya amri yako. Huwezi kuuambia upige taratibu ukatii. Mapafu yanatii. Na viwili hivyo vimeunganishwa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi: unapovuta hewa ndani moyo unaongeza kasi kidogo, unapoitoa unapunguza. Kwa hiyo siri iko kwenye kutoa. Vuta hewa kwa kuhesabu hadi nne, itoe polepole kwa kuhesabu hadi sita, mara mbili au tatu. Huhitaji kufumba macho wala kukaa chini. Unaweza kufanya hivyo ukiwa unatembea kuelekea kwenye tatizo. Kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, kama wengi wanavyofanya wakiambiwa "vuta pumzi", kunaweza kuongeza kizunguzungu.

Halafu sauti. Sema kwa mdomo unachokiona: "Gesi inavuja. Nafungua dirisha. Siwashi taa." Inaonekana kama kujisemea peke yako, na ndivyo ilivyo, lakini maneno yakitoka nje yanaupunguzia ubongo uliobanwa mzigo wa kuyashikilia, na aliye karibu anajua unachofanya. Hapo kwenye gesi niongeze neno, maana majiko yake yameenea mjini kwa kasi. Gesi tunayopikia ni nzito kuliko hewa, hutuama chini kwenye sakafu. Funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Swichi yoyote, iwe ya kuwasha au kuzima, inaweza kutoa cheche, kwa hiyo usiiguse. Simu pigia nje.

Tatu ni kumpa mtu kazi kwa kumwonyesha. Ukipiga kelele "jamani saidieni!" katikati ya watu thelathini, kila mmoja anasubiri mwenzake, na chumba cha moshi kinajirudia. Nyoosha kidole: "Kaka mwenye shati la bluu, piga 114, waambie moto, kisha rudi unipe jibu." "Mama, naomba kitenge chako." "Dogo, simama barabarani pale uwaonyeshe njia." Mtu aliyekuwa ameganda akipewa kazi moja ndogo huamka. Anayepiga mayowe pia, mara nyingi, hutulizwa na kazi kuliko na maneno ya kumnyamazisha.

Namba 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 112 ni ya Polisi. Mji wetu umekua haraka tangu serikali ihamie, na anayeishi Nkuhungu au Ipagala kwenye mtaa mpya anaweza kukwama pale anapoulizwa: uko wapi? Akiwa ametulia angeeleza vizuri tu. Akiwa ametaharuki anasema "huku kwetu". Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilituachia namba za nyumba na majina ya barabara. Iandike anwani yako kwa herufi kubwa, ibandike nyuma ya mlango, na chini yake andika alama mbili ambazo mgeni anaweza kuziona kutoka barabarani. Dada wa kazi aliyekuja wiki iliyopita kutoka Kondoa ataweza kuisoma.

Hatua iliyoamuliwa mapema

Gary Klein, mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1980 aliwafuata makamanda wa zimamoto akitaka kujua wanavyochagua njia moja kati ya nyingi. Wakamjibu kwamba hawachagui. Alidhani wanaficha. Alipochimba zaidi akaelewa: mzoefu akifika anautambua moto huo ni wa aina gani, na utambuzi huo unakuja pamoja na hatua ya kwanza. Anaipitisha akilini haraka, akiona haina kasoro anaitekeleza. Kulinganisha njia tatu nne ni kazi ya mtu mwenye muda, au mtu mgeni.

Sisi wa kawaida hatuna moto mia tuliouzima. Tunaweza hata hivyo kuazima sehemu ya uzoefu kwa njia mbili, kuandika na kurudia kwa mwili.

Nguvu ya kuandika iligunduliwa kwa machungu. Oktoba 30, 1935, huko Dayton, Ohio, ndege mpya ya kivita ya kampuni ya Boeing ilianguka ikiruka kwenye majaribio, mikononi mwa mmoja wa marubani bora wa jeshi la Marekani. Walisahau kufungua kifaa kinachozuia usukani wa mkia. Jibu la jeshi halikuwa kutafuta rubani mwenye akili zaidi. Waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka. Miaka zaidi ya 70 baadaye wazo hilo likafika vyumba vya upasuaji, na hapa Tanzania tuna sehemu yetu: hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19. Kwa hospitali zote kwa pamoja, matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Maswali ya orodha ile ni ya kawaida kabisa: huyu ni mgonjwa gani, anapasuliwa wapi, ana mzio wowote? Madaktari walikuwa wanayajua yote. Walichopewa ni njia ya kutokuyasahau.

Kurudia kwa mwili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Jikoni, funga valvu ya mtungi ukiwa umefumba macho, mpaka mkono ujue inazungukia upande gani. Mkaangaji aweke kifuniko mahali pamoja, upande wa mkono wake, na kila jioni kabla ya kuwasha jiko akishike na kukiweka juu ya karai mara moja. Ndani ya basi au treni, hesabu viti mpaka kwenye mlango au dirisha la dharura. Moshi ukijaa utahesabu kwa mikono.

Mifano miwili ya huku kwetu

Katikati ya nchi tuna hatari ambazo anayeishi pwani hazifikirii sana. Ya kwanza ni korongo. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, watoto wanacheza, ng'ombe wanapita, watu wanachimba maji. Kisha mvua za Desemba hadi Aprili zinanyesha mbali huko juu milimani, na maji yanafika yakiwa na rangi ya udongo wakati juu yako mbingu ni nyeupe. Dereva anafika ukingoni na abiria ishirini. Anayemwahisha mgonjwa anapaza sauti, mwenye mnada Kibaigwa anapaza sauti, na mbele kuna gari lililovuka dakika kumi zilizopita. Presha yote hiyo inasema pita.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanaweza kulibeba gari la kawaida. Na maji ya udongo hayaonyeshi chini: ile sakafu uliyopita juzi inaweza kuwa imeliwa na kuacha shimo. Uamuzi huu haufai kufanyiwa ukingoni. Ufanyike gereji, asubuhi, baina ya dereva na mwenye gari: maji yakiwa yanatembea na barabara haionekani, tunasimama, na hakuna atakayekatwa mshahara. Dereva mwenye kanuni hiyo hana haja ya kubishana na abiria wala na moyo wake. Anazima injini.

Ya pili ni nyoka. Hapa utulivu ni sehemu ya matibabu yenyewe. Sumu ya nyoka wengi husafiri kupitia mishipa ya limfu, yaani ya majimaji ya mwili, ambayo haina pampu kama moyo. Inasukumwa na misuli inapofanya kazi. Aliyeng'atwa akikimbia kilomita mbili kuomba msaada, anaisukuma sumu kwa miguu yake mwenyewe. Sumu ya moma huleta maumivu na uvimbe mkubwa. Ya koboko hulegeza misuli: kope zinashuka, kumeza kunakuwa kugumu, kisha kupumua.

Kwa hiyo alazwe, asitembee. Kiungo kilichong'atwa kifungwe kwenye ubao au fimbo kisicheze, kama mtu aliyevunjika. Pete, bangili na shanga zitolewe upesi kabla uvimbe haujazikaba. Kuchanja, kunyonya, kukaza kamba na kubandika jiwe la nyoka havitoi sumu. Vinapoteza muda, na kamba inaweza kuua kiungo. Muda wa kung'atwa ukumbukwe, na safari ya hospitali ianze kwa kubebwa. Kumtafuta nyoka ili kumuua kunaongeza mgonjwa wa pili. Sumu ya swila ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi bila kusugua. Na mtu mmoja mwenye sauti ya chini akae karibu na mgonjwa njia nzima, amwambie ukweli mwepesi: tunakwenda hospitali, usijitikise, mimi nipo.

Majeruhi wakiwa wengi, macho hudanganya kwa namna nyingine. Mkoa huu unaijua hali hiyo: Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni eneo la Igandu na kugonga ya mizigo, wakafa watu 281. Mahali kama hapo miguu inakwenda yenyewe kwa anayelia kwa nguvu. Lakini anayelia anapumua. Wa kumkagua kwanza ni aliyenyamaza: je, anapumua, njia ya hewa iko wazi? Kisha anayevuja damu nyingi, ambaye anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kandamiza jeraha kwa kitambaa na uzito wa mwili wako, usiachie kila mara kuchungulia.

Baada ya yote kwisha

Adrenalini haiondoki hatari inapoondoka. Saa moja baadaye mtu aliyefanya kazi nzuri bila kutetereka anaanza kutetemeka, kutapika au kulia. Ni kawaida kabisa, na mwanaume anayelia hapo asichekwe. Apewe maji, aketi, asiendeshe gari. Siku zinazofuata usingizi unaweza kukatika, harufu ya moshi ikamrudishia kila kitu, akakwepa barabara ile. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache, hasa wakipata watu wa kuwasimulia kwa hiari yao. Kumlazimisha mtu asimulie usiku ule ule hakumsaidii.

Ikipita zaidi ya mwezi na bado ndoto zinamrudia, anashtuka kwa kila kishindo, kazi imemshinda, huo ni ugonjwa unaotibika. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo jina lake limefanywa utani nchi nzima, na utani huo umewafanya watu wengi wabaki nyumbani na mateso yao. Dereva aliyeshuhudia ajali mbaya, askari wa zimamoto, muuguzi wa zamu ya usiku, mama aliyemtoa mtoto kwenye moto: wote wana haki ya kwenda pale, au kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu nao, wakaonana na mtaalamu na kurudi kazini.